Uji wa Wadogo na Sahihi ya Rais

Kila kengele ya uji ilipolia katika shule yao mtaani Kapsoya, Nanzala alisimama dirishani kumtazama mdogo wake, Mildred wa Gredi ya Kwanza. Wakubwa waliizonga sufuria kama nyuki. Zamu ya Mildred ilipofika, sufuria ilikuwa imekwisha kukwanguliwa, naye akarudi darasani na kikombe kitupu, baridi ya asubuhi ikimtetemesha.

Nanzala, aliyekuwa mbunge katika bunge la wanafunzi, akapeleka mswada humo: wadogo wapewe uji kwanza. Ukapita kwa wingi wa kura. Hata hivyo, Collins, rais wa wanafunzi, alikataa kuutia sahihi. Aliurudisha bungeni na sababu yake: wakubwa hufanya mazoezi ya mbio alfajiri, nao huumwa na njaa.

"Mwalimu, mswada wangu umekufa," Nanzala alimlilia Mwalimu Kavetsa, mlezi wa bunge.

"Haujafa. Kanuni zetu tumeziiga katika Katiba ya nchi. Rais akiurudisha mswada, bunge laweza kuurekebisha kama alivyoshauri. Lisipokubaliana naye, theluthi mbili ya wabunge wakiupitisha tena, hana budi kuutia sahihi ndani ya siku saba. Asipoutia, siku hizo zikiisha unakuwa sheria."

Nanzala akapigwa na butwaa. "Hata rais, Mwalimu?"

"Hata rais. Lakini ni theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Ninyi ni thelathini. Tafuta ishirini."

Akawaendea wabunge mmoja mmoja, akiomba na kueleza. Siku ya kura ilipofika, waliouunga mkono mswada wakainua mikono. Bethwel, spika, akahesabu mikono.

"Ishirini!"

Shangwe zikalipuka. Lakini Nanzala alikuwa amemwona rafiki yake Muigai, aliyeketi kando yake, akiinua mikono yote miwili.

"Muigai, umefanya nini?" alinong'ona.

"Nyamaza, wewe! Unataka dadako anywe uji au anywe ukweli?"

Nanzala akasimama. "Mheshimiwa Spika, tumepata kumi na tisa. Mbunge mmoja ameinua mikono miwili."

Muigai aliinamisha kichwa. Ndipo Lynette, mkimbiaji hodari aliyeupinga mswada tangu mwanzo, akainuka polepole.

"Mimi na njaa yangu sikuupenda mswada huu," alisema. "Lakini aliye tayari kushindwa kwa haki hawezi kunidhulumu. Nihesabuni."

Bethwel akahesabu upya, mkono mmoja kwa kila mbunge. Ishirini kamili. Collins akachukua kalamu, akatia sahihi palepale. Nanzala aliitazama mikono ya wabunge wenzake, myembamba, yenye madoa ya wino, asiamini kwamba ndiyo iliyolishinda neno la rais.

"Mmeuona uzito wa mkono wa mbunge?" Mwalimu Kavetsa akauliza. "Collins alikataa kwa sheria, nanyi mmemshinda kwa sheria. Kama Nanzala angenyamaza, wadogo wangekunywa uji wa wizi, na hakuna ambaye angeiamini tena kura yenu. Muigai, haki huinua mkono mmoja tu."