Vidole Viwili Juu ya Kidonda

Mvumo ulikuwa umehama.

Kila mara kabla ya kumnyonyesha, Mama Kidonge alitega sikio juu ya kidonda kifuani mwa mwanawe, asikie mrija aliowekewa na madaktari ukivuma kama friji kuukuu. Ukivuma, damu inafika mapafuni. Mchana huu kifua kilikuwa kimya. Mvumo ulitoka chini ya kitanda, pamoja na harufu ya kutu.

Mashine ya kupima oksijeni ikalia. Nesi akabonyeza kitufe, ikanyamaza. Mara ya nne tangu asubuhi.

"Waya wa kidoleni umelegea tu. Katoto kanarusha miguu."

"Miguu gani? Kamelegea kama kitambaa! Tazama midomo!"

"Punguza sauti, dada. Mvumo si huo nausikia?"

"Unausikia wapi? Kifuani au sakafuni?"

Ndipo Mama Kidonge akaviona: vidole viwili virefu, vyeupe, vinavyochuruzika maji, vikipanda kutoka chini ya kitanda, vikapita katikati ya nyuzi za kidonda bila kufumua hata mmoja, vikaufikia mrija na kuubana taratibu, huku mwenye vidole hivyo kule chini akiendelea kuvuma kwa mdomo ili kila apitaye adhani mtoto ni mzima, na midomo ya mtoto ikageuka rangi ya wino.

Hasira zilimpanda kabla ya woga. Akamkamata nesi ukosi, akamwinamisha.

"Sikiliza hapa, si hewani!"

Nesi akasikiliza. "Hakuna kitu," akanong'ona. Kisha akapiga yowe: "Daktari! Mrija umeziba!"

Daktari alikuja mbio. Oksijeni. Sindano ya kuzuia damu kuganda, yote kwa mkupuo. Maji ya mshipa, na dawa ya kupandisha presha ili damu ijilazimishie njia.

"Mwiteni mpasuaji! Mlikuwa wapi nyie?"

Daktari hakusoma dua, alifoka. Kidole kimoja kikaachia. Cha pili kikafuata. Mvumo ukarudi kifuani, mwembamba kama uzi, na chini ya kitanda pakawa kimya.

Walipokuwa wakimtayarisha mtoto kwenda chumba cha upasuaji, mashine ya kitanda cha jirani ikalia. Nesi, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

Mama Kidonge akaudaka. "Mtazame mtoto kwanza!"

Vidole vya nesi vilikuwa baridi, vimelowa, na vilinuka kutu.