Kufuli la Nje

Saa sita mchana.

Chumba walikipanga kwa sababu moja: kilipakana na duka la sonara. Kwa mengine yote kilikuwa balaa tupu. Kitanda kimoja, kabati moja, dirisha la nondo. Dari hakuna. Redio ya mpangaji wa chumba cha mwisho ilipita juu ya kuta zote ikaja kuwakera hapo hapo kitandani.

Kinyozi, mkubwa wao, alisogeza kabati. Nyuma yake Fundi alikuwa amekwangua ukuta wiki nzima. Yalibaki matofali ya kuvuta kwa mkono.

"Saa saba sonara anafunga, anaenda kula," Kinyozi alisema. "Mimi na Fundi tunaingia. Shemeji anatufungia kwa nje. Mama mwenye nyumba akiona kufuli, anajua tuko kazini. Saa nane anatufungulia, tunatoka na begi kama wasafiri."

"Na nisipofungua?" Shemeji alitania.

"Utamwambia nini dada yangu?"

Walicheka. Dada mtu, mke wa Shemeji, alikuwa mjamzito, siku yoyote anajifungua. Shemeji akatoka kwenda kununua kufuli.

Mlango ulipofungwa, Kinyozi alimsogelea Fundi.

"Mgawo ni wa wawili. Yule mdomo hauna breki. Tukifika darajani, nammaliza."

Shemeji ndiye aliyemlisha Fundi alipokuwa hana kazi, hana hata pa kulala. Neno "hapana" lilimfika kooni. Akalimeza. Ulikuwa woga, hauna jina jingine.

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

Saa saba na robo.

Kufuli lilibanwa kwa nje. Matofali yakatoka bila kelele. Dukani walizoa mikufu, bangili, pete, kila kilichong'aa. Mlango wa sonara wa kutokea barabarani ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa nje. Wakarudi chumbani kwa tundu lile lile.

Saa nane.

Kimya. Kinyozi alitazama saa, akatazama mlango.

"Huyu mpumbavu yuko wapi?"

Hatua zilikuja koridoni. Zikasimama.

"Shemeji! Fungua, bwana!"

"Nyumba hii haina dari, shemeji." Sauti ilipita juu ya ukuta, tulivu kabisa. "Nilikuwa hapa koridoni nafunga kamba za viatu. Nimesikia yote, mpaka daraja. Sonara nimeshamwambia. Anakuja na polisi."

Kinyozi aliupiga mlango teke. Ulikuwa wa mbao nene, haukutikisika.

"Fundi," sauti iliita, sasa ikitetemeka. "Nilisimama nikisubiri useme hapana. Neno moja tu, kaka. Ningekutoa."

Hatua zikaanza kwenda zake.

"Hapana!" Fundi alipiga kelele. "Hapana! Hapana!"

Nyumba nzima ilimsikia. Mtu akazima redio. Upande wa sonara, mlango wa chuma ulikuwa ukifunguliwa.