Mkuyu Uliokuwa Juu ya Chemchemi

Bhoke aliweka jerikeni kwenye chemchemi, akangoja. Maji yalitoka kidogo, yakakatika, yakatoka tena. Jerikeni haikuwa imefika hata nusu wakati wanawake waliopanga foleni nyuma yake walipochoka, wakashika njia kwenda mtoni. Chemchemi hii ilinywesha boma lao huko Kuria tangu kabla Nyamhanga, mume wake, hajazaliwa. Sasa ilikuwa inakufa. Na aliyeiua alikuwa nyumbani, anapanga nguo zake kwenye gunia.

Nyamhanga alikuwa anakwenda Macalder kuchimba dhahabu. Hakuna mtu aliyemfukuza. Shamba ndilo lililomfukuza.

Ilikuwa hivi. Juu ya chemchemi, marehemu baba yake alimwachia kipande cha msitu. Kulikuwa na mkuyu mmoja ambao wanaume watatu wakishikana mikono hawakuweza kuuzunguka, na miti mingine mikubwa kando yake. Pembeni, Nyamhanga alipanda mikaratusi yake ya kuuza nguzo. Basi siku moja kwenye baraza, chifu akasema mikaratusi iliyo karibu na maji iondolewe, kwa sababu inakunywa sana. Sasa sikia huyo bwana alivyopiga hesabu.

"Kama mkaratusi mwembamba hivi unakunywa hivyo," alimwambia Bhoke, "je, mkuyu mnene vile? Huo ndio unaotumaliza!"

Akaleta msumeno wa petroli, akaangusha mkuyu na karibu msitu wote. Mikaratusi akaiacha, maana nguzo zina soko. Jamani!

Ubaya ni kwamba mwanzoni alionekana ana akili. Alichoma matawi, akapanda mahindi kwenye majivu. Yakarefuka mpaka yakapita paa. Chemchemi nayo ikaongeza maji. Nyamhanga akatembea kijijini kifua mbele. Lakini msimu uliofuata mahindi yakapungua. Mwingine tena, yakawa ya manjano, yakatoa magunzi yasiyo na punje. Mbolea ya dukani ilisombwa na mvua pamoja na udongo. Kiangazi kilipokuja, chemchemi ikaanza kukauka.

Siku hiyo Bhoke aliacha jerikeni pale pale, akakimbia kwa Risper, jirani yao, ambaye ni afisa wa kilimo.

"Risper, njoo uongee na baba Wesley. Anakwenda kwenye mashimo. Kaka yangu Ryoba aliingia huko, udongo ukamfunika. Mpaka leo hatujapata hata mwili wa kuzika. Aki, mimi siwezi mara ya pili."

Risper alichukua jembe. Walimkuta Nyamhanga mlangoni, gunia liko begani.

"Baba Wesley, nipe dakika chache tu," Risper alisema. "Halafu uende."

Kwenye kona ya shamba, kati ya mawe ambapo msumeno haukufika, ilibaki miti michache ya msitu. Risper alichimba chini yake. Juu kulikuwa na majani yanayooza, kisha udongo mweusi, kina cha kiganja tu. Chini yake ulikuwa mwekundu, mgumu. Kwenye ule weusi mizizi midogo ilijaa, na nyuzi nyeupe nyembamba zimeishika.

"Hizo nyuzi ni kuvu," alisema. "Zinaisaidia mizizi kula. Jani likianguka linaoza, mizizi inakula kile chakula, kinarudi juu kuwa jani tena. Chakula cha msitu hakikai sana ardhini. Kiko ndani ya miti yenyewe na kwenye majani yake."

Nyamhanga alikunja uso. "Na yale mahindi yangu ya kwanza?"

"Yalikula majivu. Ulichoma akiba ya miaka mingi, ukaiandaa yote kwa siku moja. Mahindi yakala kidogo, mvua ikabeba iliyobaki."

"Lakini maji yaliongezeka! Nilisema miti inakunywa."

"Inakunywa, sikatai. Ulipoikata, yale iliyokuwa inakunywa yalibaki, ndiyo ukaona mengi. Lakini miti ya msitu pia inapokea mvua. Majani yanapunguza nguvu yake, takataka za chini zinaishika, mizizi inaifungulia njia iingie ardhini. Hiyo ndiyo mnayoteka kiangazi. Sasa mvua inagonga udongo mtupu, inateremka mtoni. Na mikaratusi, inayokua haraka na kunywa sana, umeiacha palepale."

Nyamhanga alikaa chini kwenye udongo. Alitazama kisiki cha mkuyu wa baba yake.

"Woi," alisema. "Nimefanya nini?"

Hata hivyo alikwenda. Wesley na wadogo zake walikuwa na njaa, na udongo haungepona kabla ya jioni. Bhoke alimsindikiza hadi barabarani.

Bhoke alimpigia simu mara moja tu kuomba ruhusa. "Ikate," alisema Nyamhanga kuhusu mikaratusi, akakohoa. Bhoke akaikata. Akaacha kuchoma mabua, akayatandaza shambani yafunike udongo. Kati ya mahindi akapanda maharage. Juu ya chemchemi akapanda miche ya mkuyu na ya miti mingine ya msitu, akaizungushia majani makavu.

Usidhani mambo yalinyooka. Kiangazi cha kwanza chemchemi ilikauka kabisa. Bhoke alibeba maji kutoka mtoni, nusu ya jikoni, nusu ya miche, na njiani alilia bila kujificha. Kila simu ilipolia, alidhani ni watu wa mashimoni wanampigia kumwambia habari kama ya Ryoba.

Udongo ulianza kuwa mweusi polepole, juu tu. Maharage yakajaza debe. Kisha, kiangazi kingine, chemchemi ikaanza kulowa.

Ilipoanza kutiririka tena, Nyamhanga alirudi amekonda, kikohozi hakimwachi, na lile gunia begani. Alichuchumaa chemchemini, akatazama jerikeni ikijaa hadi mdomoni. Halafu akatazama mche wa mkuyu. Ulimfika gotini.

"Utakuwa lini kama ule wa baba?"

"Sisi hatutauona, baba Wesley."

Alifunika uso, akalia kama mtu aliyefiwa. Bhoke alimwacha alie. Kisha akachukua lile gunia, akamwaga nguo zote kwenye nyasi.

"Shika huku tulijaze," alisema. "Miche inataka majani."