Mbuke na Njuga za Alfajiri

Mbuke hakujua kukaa. Kabla jogoo wa nyumbani kwao Songwa hajawika mara ya pili, alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kushika ndoo kwenda kisimani. Hata darasani magoti yake yalirukaruka chini ya dawati mpaka wino wa jirani ukamwagika. "Huyu mtoto ana siafu mwilini," mama yake alizoea kusema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na mwaka huo wa 1976 alitaka kitu kimoja tu: kuikimbilia shule yao mita mia nne mjini Shinyanga.

Nafasi ilikuwa moja. Katika jaribio la kwanza Paskalina, rafiki yake wa dawati moja, alimtangulia kwa hatua moja. Mwalimu Donatus, mwalimu wa michezo, akatangaza kwamba jaribio la mwisho litakuwa baada ya wiki nne. Hatua moja! Ilimkera Mbuke kama mwiba.

Baba yake, mzee Mageni, alikuwa mcheza ngoma hodari. Kila baada ya mavuno alijifunga njuga za chuma miguuni, akatimua vumbi mashindanoni. Njuga zile zilikuwa nzito, na akizivua alitembea kwa wepesi wa ajabu. Mbuke akapiga hesabu yake ya kitoto: nikikimbia nazo kila siku, siku ya kuzivua nitapaa. Mavuno yalikuwa bado, kwa hiyo hakuna aliyezitafuta. Kila alfajiri alizishusha ukutani, akazijaza matambara zisilie, akazifunga juu ya vifundo vya miguu na kukimbia barabara ya vumbi kwenda na kurudi mara sita. Jioni alirudia. Hata Jumapili hakuiacha.

Siku ya tano muundi wa mguu wa kulia ulianza kuuma. Siku ya kumi ulikuwa umevimba. Mama alipomwona akichechemea, alimuuliza kulikoni.

"Nimejikwaa kisimani, mama."

Mwalimu Donatus naye aliitazama saa yake ya mkono uwanjani. "Mbuke, unazidi kuchelewa. Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Nimechoka kidogo tu."

Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu. Wa pili ulitoka wenyewe. Dawa, aliona, ni kuongeza bidii, basi akaongeza mzunguko wa saba.

Alfajiri iliyofuata Paskalina alimfuma barabarani, akaangua kicheko. "Kumbe hii ndiyo siri yako! Baba yako mdogo naye si hucheza ngoma? Niazimie njuga zake, kesho tukimbie wote."

Mbuke angekubali tu, na baada ya siku kumi Paskalina naye angechechemea. Wangekuwa sawa. Wazo hilo lilimjia waziwazi, na alilitamani. Kisha akamtazama rafiki yake akirukaruka kwa furaha na miguu yake mizima, akaona aibu.

"Usizifunge," alisema, akavua njuga. "Tazama mguu wangu."

Paskalina aliacha kucheka. "Maskini! Na hujamwambia mtu?"

"Nikisema, nafasi imekwenda."

"Na usiposema, mguu utakwenda. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Donatus alisikiliza yote, akaubonyeza muundi taratibu, Mbuke akaruka kwa maumivu. Hakumgombeza. Alimpa ndoo yenye maji kidogo aishike karibu na kifua, na Mbuke akaishika bila taabu. "Sasa unyooshe mkono mbele," alisema. Mkono ukatetemeka, maji yakamwagika.

"Ndoo ni ile ile," Mwalimu alisema. "Lakini mzigo ukiwa mbali na kiungo kinachoubeba, uzito wake unauona mara nyingi zaidi. Paja lako linainuliwa na misuli ya nyonga. Wewe umefunga chuma huko chini kabisa, kisha ukakikimbiza. Ndiyo maana siku hizi unakanyaga kwa kishindo kama anayetwanga."

"Mbona baba anacheza nazo?"

Mzee Mageni, aliyekuwa ameitwa, ndiye aliyejibu. "Nilianza na njuga mbili, mayu." Alimwita mayu, yaani mama, kama wazee wengi wa Kisukuma wawaitavyo binti zao. "Nyingine niliziongeza mwaka hadi mwaka. Tena nikicheza leo, kesho napumzika kutwa. Hilo hukuliona?"

Mwalimu alimkataza kukimbia kwa wiki mbili. Mbuke akalia.

"Misuli ikifanya kazi huchoka," Mwalimu alimweleza. "Ikila na kupumzika ndipo hujijenga upya, ikawa imara zaidi. Mifupa nayo ni hivyo hivyo. Wewe hukuipa hata siku moja."

Kukaa kulimtesa kuliko njuga. Aling'oa majani pembeni mwa uwanja huku Paskalina akizunguka. Alifanya mazoezi ya tumbo na nyonga akiwa amelala chali, kisha maumivu yalipokwisha akaanza kutembea, halafu kukimbia polepole.

Siku ya jaribio la mwisho alikimbia kwa hatua nyepesi, mikono ikienda sambamba na miguu. Paskalina alimshinda kwa bega tu.

"Sekunde sabini na sita," Mwalimu alimwambia. "Mara ya kwanza zilikuwa sabini na nane."

Mbuke hakutaka kusikia. "Basi nimesema kweli bure," alilia mbele ya baba yake, aliyekuwa amekuja kutazama.

"Bure?" Mzee Mageni alichuchumaa. "Ungenyamaza, leo tungekuwa na mabinti wawili wanaochechemea, na shule isingekuwa na mtu wa kwenda Shinyanga. Bidii si kujichosha, mayu. Mwenye bidii ya kweli anajua kupumzika, na akiumia husema mapema. Nafasi ya mwaka huu imekwenda. Miguu yako yote miwili imebaki, na mwakani bado uko shuleni."

Mbuke alifuta machozi. Paskalina alikuwa akihema peke yake upande wa pili wa uwanja, akimtazama kwa wasiwasi. Mbuke alimwendea taratibu, akamshika mkono.

"Ukifika Shinyanga," alimwambia, "usianze kwa pupa."