Kwenye Kitabu Chake Nilikuwa Namba 31

Jamani, nimesoma habari za kujifungua kwangu kwenye kitabu cha rafiki yangu... na ni uongo mtupu!

Subirini niwaeleze.

Nasomea ukunga, mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi ana kitabu cha wodini. Humo unaandika kila mama uliyemzalisha kwa mikono yako. Wakifika arobaini, unafanya mtihani. Wasipofika, unarudi wodini miezi sita.

Rafiki yangu tunamwita Pacha, maana tangu mwaka wa kwanza tuligawana sabuni, shuka, mpaka soksi. Ilikuwa mchana, kesho yake tunakusanya vitabu. Yeye yuko bafuni, mimi nimekaa kitandani hosteli, nikafungua cha kwake nione kama kimesainiwa.

Namba 31. Miaka ishirini na nne, uzazi wa kwanza. Mtoto wa kike, kilo mbili na pointi tisa. Tarehe aliyozaliwa binti yangu.

Namba ya faili... yangu!

Pale pa mkunga kajiandika yeye. Pale pa maoni kaandika: "Hakuna tatizo. Mama msumbufu."

Msumbufu! Mimi!

Sasa sikieni ilivyokuwa. Sista wa zamu alikuwa chumba cha pili na mama anayevuja damu, mimi nikaachiwa Pacha. Simu yake ikaita. Akatazama kioo, akacheka, akasema anakuja sasa hivi. Nilimsikia akideka kwenye korido huku kichwa cha mwanangu kinatoka.

Aliyeacha ndoo yake akaja ni Mama Dekio, yule mama anayefanya usafi wodini. Alinawa, akavaa glovu, akaniambia nisisukume kwanza. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Alikipitisha juu ya kichwa taratibu, kama anamvua fulana. Binti akalia. Pacha anarudi, mtoto yuko kifuani kwangu.

Basi akatoka bafuni na taulo lake, nikamwonyesha ukurasa. Hakushtuka. Aliendelea kujipaka mafuta.

"Si ulizaa salama? Sasa shida yako nini?"

Uchungu wangu wote, mwanangu nusura anyongwe, kwake ni mstari wa kujazia ukurasa!

Nikabeba vitabu vyote viwili, chake na changu, mpaka ofisini kwa Madamu, mwalimu wetu. Pacha yuko nyuma na kandambili, mara ananibembeleza, mara ananitukana.

Madamu akamwita Mama Dekio. Akaeleza kama nilivyowaeleza nyie. Madamu akataka kujua mambo ya kitovu kayajulia wapi.

"Nilisoma hapahapa, Madamu. Niliishia thelathini na sita. Wenzangu wakaniambia nijaze tu wanne waliobaki. Nilishindwa kuandika watu ambao sikuwagusa. Na nyumbani hawakuweza kunisubiri miezi sita mingine."

Pacha akanigeukia, akanitazama tu. Nikajua anachosubiri, maana kitabu changu anakijua.

Wasomaji wangu, hapa ndipo mtanichukia...

Kitabu changu, namba 19. Siku ile mimi nilishika tochi tu. Sista ndiye aliyezalisha. Yule mama aliniuliza mara mbili mkunga yuko wapi, nikaona ananichosha. Sista alipoondoka nikajiandika mimi. Na pale pa maoni niliandika nini?

"Mama msumbufu."

Maneno yaleyale. Nilijiona mchafu kuliko maji ya ndoo ya kudekia.

Nikafungua kitabu mbele ya Madamu, nikaikata namba 19 kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikabaki na thelathini na tisa.

Pacha kafukuzwa chuo. Mimi nimerudi wodini miezi sita kwa sababu ya mama mmoja, na sijaonewa. Madamu anamfuatilia Mama Dekio arudi kumalizia wanne wake. Mimi simo katika hesabu yake, eti alinizalisha akiwa mfanya usafi. Kwa hiyo binti yangu hayumo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Wenzangu mnaosomea ukunga, andikeni mliowashika. Msiowashika waacheni.

Na wewe mama uliyeniuliza mkunga yuko wapi, kama unasoma hapa, nisamehe. Hukuwa msumbufu. Mkunga hakuwa mimi.