Sadoki Aliyekataa Kusomewa

Huko Ndalambo, wanangu, mahindi ndiyo ugali, ndiyo sare za shule, ndiyo kila kitu. Sadoki alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ng'ombe wa ng'ambo ya bonde alimjua kwa rangi. Lakini maandishi madogo aliyasogeza mbali, akasogeza tena, mpaka mkono ukaisha.

Mdogo wake Lusubilo alishikwa na homa, na viwavi walikuwa wanamaliza mahindi yake. Akamwomba Sadoki ampulizie dawa.

"Nikusomee chupa?" mkewe Restuta aliuliza.

"Kwani mimi kipofu? Hebu niache."

Chupa zilikuwa mbili, zinafanana. Akachukua ya kuua magugu. Wiki haikupita, shamba lote limekauka kama limepitiwa na moto.

Lusubilo hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungesema huoni, kaka." Tangu hapo salamu ikakatika.

Sadoki akaenda Vwawa kwa nesi wa macho, Fides.

"Mwanangu, nipasueni. Dereva mmoja wa Tunduma kasema kuna kuchoma macho kwa mwanga, unarudi kijana. Miwani sitaki. Watanicheka, waseme ndiye huyo aliyeua mahindi."

Fides akampima. "Baba, huna mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imekuwa ngumu kwa umri. Inatupata wote. Upasuaji upo. Ule wa mwanga unachonga kioo cha mbele cha jicho. Mara nyingi jicho moja linaachwa lione mbali, jingine karibu."

"Kama maksai wawili, kila mmoja na njia yake?"

Fides akacheka. "Wengine wanazoea. Wengine wanakosea umbali, wanajikwaa. Na lenzi inaendelea kuzeeka, baadaye unaweza kuhitaji miwani tena."

"Na mwingine?"

"Lenzi yako inatolewa, inawekwa ya bandia. Ipo ya kuona mbali tu, kusoma bado utavaa miwani. Ipo ya mbali na karibu, ila usiku taa zinaweza kuonekana zimezungukwa na duara. Ikitolewa yako, hairudi. Na jicho likishapasuliwa linaweza kuingiwa na vijidudu, ingawa ni mara chache. Mwenye mtoto wa jicho, kubadili lenzi kunamfaa sana. Wewe miwani inakutosha. Ukitaka zaidi, daktari bingwa akupime kwanza."

"Na upi utamfanya mdogo wangu anisalimie?"

Fides aliinamisha kichwa. "Huo hatuna, baba."

Akarudi na miwani. Wengine walicheka, wakachoka. Msimu uliofuata alisoma kila dawa mwenyewe, akapima sawasawa, mahindi yakakubali mpaka Restuta akaimba.

Magunia manne akayapeleka kwa Lusubilo. Mdogo wake akayapokea, maana watoto wale nini? Akaitazama ile miwani.

"Hiyo," akasema, "ungeivaa mwaka jana."

Akaingia ndani, akafunga mlango.