Herufi Moja ya Mzee Mayige

Asubuhi, Mahona akishafungulia ng'ombe, mkewe Wilhelmina hufungua kibanda chake cha kuchapa pale senta ya Nkololo. Huchapa barua, matangazo na kadi za harusi. Kompyuta yake waliinunua mpya kwa Khatibu, mwenye duka mjini Bariadi, ikiwa na programu zote ndani.

Siku hiyo alikuwa anarekebisha kadi za harusi ya binti wa jirani. Baba wa bwana harusi anaitwa Mayige. Kadi ilisema Maige. Ni herufi moja tu, lakini Maige ni mzee mwingine, tena hawasalimiani. Na kadi zilitakiwa kesho yake.

Alipotaka kuongeza herufi, kompyuta ilikataa. Kadi aliiona, kuibadilisha hakuweza. Maneno ya Kiingereza yalisema muda wa majaribio umekwisha. Majaribio gani tena? Akazima, akawasha. Yakarudi yaleyale.

Mahona alipoelezwa, alikasirika. Alisema wameuziwa kompyuta ya wizi, kama ng'ombe mwenye chapa ya mtu mwingine, akataka kumfuata Khatibu palepale. Kwa bahati alipita jirani yao Klementina, mwalimu wa kompyuta sekondari.

"Mwangaluka, mayu," Mahona alimsalimia kwa Kisukuma, kisha akamwaga yote.

Klementina aliitazama kompyuta.

"Kompyuta ni yenu," alisema. "Programu ya kuandikia siyo yenu. Mlipewa muionje. Sasa wenyewe wanataka mlipe, na mwaka ukiisha mlipe tena."

"Hatukuambiwa," alisema Wilhelmina.

"Wengi hawaambiwi. Baba, umewahi kuwekeshwa ng'ombe wa mtu, umtunze na kumkamua?"

"Nimewahi. Nilimkamua mpaka nikamsahau mwenye ng'ombe. Akaja, akamswaga, nikabaki na kibuyu."

"Basi ndiyo hiyo."

Akawaambia ipo programu nyingine ya kuandikia, iliyo huria, tena hailipiwi. Mahona akazidi kuchanganyikiwa. Kitu cha bure, alisema, lazima kina kasoro, au kimeibwa.

"Bure ni bei, baba. Huria ni ruhusa. Waliotengeneza wameruhusu uitumie, umgawie jirani, na fundi aibadilishe akitaka. Ni kama umepewa mtamba. Akizaa unagawa ndama, na hakuna atakayekuja kumdai."

Mahona alikuna kichwa. La mtamba alilielewa. La kompyuta bado.

Klementina alianza kwa kunakili kazi zote kwenye flashi, zisije zikapotea. Kisha akapakua programu kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Alionya kwamba mpangilio unaweza kuhama kidogo, na kweli, maua ya kadi yalikuwa yameangukia chini. Wilhelmina aliogopa. Akayarudisha juu, akaweka ile y, akachapa.

Kesho yake Mzee Mayige alisoma jina lake mara mbili, akaiweka kadi mfukoni. Wilhelmina akashusha pumzi.

Baada ya mavuno, jirani yao Salu alitaka kompyuta, Mahona akamsindikiza kwa Khatibu. Khatibu alianza kusifu: mpya, ina kila kitu ndani, ni kuwasha tu.

Mahona aliweka mkono juu ya kifuniko.

"Kabla hatujalipa," alisema, "tuambie. Humu ndani, programu ipi ni yetu, na ipi tumewekeshwa?"

Khatibu alimtazama Salu, akamtazama Mahona. Safari hii aliyechanganyikiwa alikuwa yeye.